Nyuzi za majani ya maboga ndiyo kolenkima?

MamaNdizi: Habari za jioni wakubwa. Niko Tukuyu, nauza ndizi sokoni. Shule niliishia kidato cha pili. Binti yangu kapewa kazi ya likizo: tishu (makundi ya seli) rahisi za kudumu za mimea, yaani parenkima, kolenkima na sklerenkima. Majina kayakariri kama kasuku, ila nikimuuliza hiyo kolenkima humu ndani iko wapi, kimya. Jana tunamenya majani ya maboga akasema labda ni hizi nyuzi tunazotupa. Kweli, au ananipumbaza amalize haraka?

Mstaafu_Makambako: Kamwene mama. Hajakupumbaza, mpe hongera. Nimefundisha baiolojia hadi chaki ikaniletea kikohozi, na mfano huo sikuwahi kuutumia!

Wanafunzi hudhani "rahisi" ni nyepesi kujibu. Maana yake seli zake ni za aina moja. "Kudumu" ni kwamba zimeshaacha kugawanyika. Ule uzi ni ngozi ya nje iliyovutika pamoja na kolenkima iliyo chini yake. Seli za kolenkima ni hai, kuta zimenenepa kwenye pembe kwa selulosi na pektini. Ndiyo maana kikonyo kinapinda kwa upepo bila kukatika, na bado kinarefuka.

Parenkima mnaila kila siku: nyama ya kiazi karibu yote ni hiyo, kuta nyembamba, ghala la wanga. Kwenye jani ikiwa na klorofili, ile rangi ya kijani, inatengeneza chakula. Na kata mgomba uliokwisha kuvunwa uone vile vyumba vya hewa: parenkima pia, ila huitwa aerenkima.

Sklerenkima ikikomaa kwa kawaida huwa imekufa, ukuta mnene umejaa lignini, kitu kinachoufanya mgumu kama mti, kazi yake kushikilia. Nyuzi za katani ni hizo. Zile chenga za peasi zinazokwaruza meno nazo ni hizo, tunaziita seli mawe.

Kijana_Uyole: Mwalimu, bua la mahindi nalo lina kolenkima?

Mstaafu_Makambako: Kwa kawaida halina. Linashikiliwa na sklerenkima, chini ya ngozi na kuzunguka mafungu ya mishipa. Ukiandika kolenkima kwenye mtihani, maksi imekwenda.

MamaNdizi: Asante sana mwalimu. Tumejaribu iodini ya kusafishia vidonda. Kiazi kimekuwa cheusi ti! Ndizi mbichi vilevile. Ila mbivu, ile iliyoanza madoa, imebaki na rangi ya dawa tu. Binti anabisha kwamba hiyo sasa siyo parenkima.

Mstaafu_Makambako: Ni parenkima ileile mama. Ghala halijahama, ila ndizi ilipoiva wanga mwingi uligeuka sukari, na iodini hugeuka nyeusi ikikuta wanga, sukari haiioni. Mwambie aionje.

MamaNdizi: Kashaimaliza. Na dawa alipaka kipande kimoja tu, hicho nimekitupa.