Edinburgh: njia za changarawe zisizo na magari, nianze na ipi?

Binti_Meru
Wadau, habari za humu ndani. Nina miezi minane Edinburgh, nakaa upande wa Leith. Majuzi nimepata baiskeli ya changarawe ya mtumba, tairi milimita 40, breki za diski, na miguu imeanza kuzoea. Kinachonishinda ni magari. Nyumbani Meru nimeendesha barabara za vumbi tangu nikiwa darasa la tano, lakini barabara za vijijini huku zimebanwa na kuta za mawe, gari likija nyuma huna pa kuchepukia.

Natafuta njia ya siku nzima, kilomita 40 hadi 50, magari yasiwepo au yawe ya kuhesabu. Kurudi kwa treni sawa tu. Kwenye ramani naona tatu: Union Canal kwenda magharibi, reli ya zamani ya Pencaitland kwenda mashariki, na njia ya mto Water of Leith hadi Balerno halafu milima ya Pentland. Nitakuwa na kijana wangu wa miaka 12. Mliozipita, nianze na ipi?

Mzee_wa_Mfereji
Binti, usijisumbue, anza na mfereji. Ulifunguliwa 1822, na waliouchimba waliufuatisha usawa mmoja wa ardhi, ndiyo maana kutoka Fountainbridge hadi Falkirk, karibu kilomita 50, maji hayapandi wala hayashuki. Na wewe vilevile. Unapita palepale walipopita farasi wakivuta mashua za mizigo. Gari utalisikia likivuka daraja juu ya kichwa chako, basi.

Ila kuna suala la upepo. Huku mara nyingi unavuma kutoka kusini-magharibi. Watu wanatoka mjini kwa baiskeli wakielekea magharibi, kisha wanarudi na treni. Yaani upepo wote wameula usoni, halafu ule wa kuwasukuma mgongoni wameuachia behewa. Wewe geuza. Panda treni Waverley na baiskeli yako, haina nauli, ushuke Linlithgow. Mfereji uko kilimani hapo juu ya stesheni. Ukitaka kumwonyesha kijana kasri alimozaliwa Malkia Mary wa Scotland mwaka 1542, liko upande wa pili, dakika tano. Kisha mrudi mjini taratibu, kama kilomita 33.

Njiani, upande wa Winchburgh na Broxburn, atakuuliza vile vilima vyekundu vimetoka wapi. Ni mabaki ya mawe yaliyochomwa kukamuliwa mafuta zama za karne ya 19. Watu walikuwa wakiwasha taa kwa mafuta ya mawe ya hapa kabla Waarabu hawajachimba kisima cha mafuta hata kimoja.

Mie_wa_Kisauni
Shikamoo mzee. Lakini umemficha dada jambo moja: madaraja ya mfereji wenyewe. Pale Almond na pale Slateford maji yanavuka bonde ndani ya karai la chuma, na weye unapita ubavuni, juu ya mawe ya mviringo yaliyosuguliwa na miaka mia mbili ya nyayo. Upana wake ni mtu mmoja na nusu. Upande wa bonde kuna vyuma vya kujishikia. Upande wa maji hakuna kitu.

Mie nilijitia hodari pale Slateford, Novemba, mvua ya rasharasha. Gurudumu la mbele likaingia baina ya mawe mawili, likateleza, usukani ukagonga chuma, na kiatu changu cha kulia kikazama majini. Babu mmoja mwenye mbwa alikuwa anakuja mbele yangu. Akaidaka baiskeli. Mie hakunidaka, alinambia tu niamke. Toka siku hiyo pale nashuka nasukuma, hata kukiwa na jua.

Mzee_wa_Mfereji
Marahaba mwanangu. Umesema kweli, na mimi nashuka. Dakika tatu za kusukuma hazimuui mtu.

Na kwa faida ya wanaotaka kufika Falkirk: huko kuna daraja la Avon, refu kuliko yote Scotland ya aina hiyo, kisha handaki la mita 630. Hilo handaki lilichimbwa kwa sababu bwana mmoja mwenye shamba, Forbes wa Callendar, hakutaka mashua zipite mbele ya macho yake. Ndani maji yanadondoka kutoka juu, tone shingoni, tone mgongoni. Vaa koti hata kiangazi. Ukitokeza hauko mbali na lile gurudumu la 2002 linalonyanyua mashua mita 24 kutoka mfereji mmoja hadi mwingine. Mtoto akiliona hataondoka.

Fundi_Spoki
Mzee namheshimu lakini nampinga. Mfereji Jumamosi ni Kariakoo. Watembea kwa miguu, mbwa, mikokoteni ya watoto, wavuvi na ndoano zao zimekatiza njia. Ukipiga kengele kuna anayekushukuru na kuna anayekutazama kama umemtukana. Mwendo ni wa kobe hadi upite Ratho.

Dada, nenda mashariki. Reli ya Pencaitland ilifunguliwa 1901 kwa ajili ya makaa ya mawe, abiria wakakoma 1933, na siku hizi vyuma vimeng'olewa. Chini kumebaki udongo mweusi wa majivu uliochanganyika na changarawe ndogo. Huo ndio udongo wa tairi za milimita 40. Hautoi vumbi, hauli tairi, unasikia tu *shshshsh*. Mteremko wa reli ni mdogo kiasi kwamba unapanda hujijui, kurudi ndipo unagundua kumbe ulikuwa unapanda.

Kufika huko bila magari: panda treni hadi Brunstane, au kama mna nguvu anzieni St Leonards mpite Innocent Railway. Handaki lake ni la 1831, mita 517, mnateremka nalo, baridi kama friji. Jina maana yake reli isiyo na hatia, kwa sababu mabehewa yalivutwa na farasi na si na mashine za moshi. Kisha Musselburgh, fuateni mto Esk hadi Whitecraig, na hapo ndipo mnaikamata reli ya zamani. Ormiston mkipumzika, mna mnara wa Robert Moffat, mmisionari aliyezaliwa hapo 1795, baba mkwe wa Livingstone yule yule wa Ujiji. Mwisho wa njia ni West Saltoun. Kutoka Brunstane kwenda na kurudi ni karibu kilomita 40.

Onyo moja tu. Wakulima wakishapunguza ua wa miti ya miiba, yale makombo yanabaki njiani. Mwaka juzi nilipata pancha mbili ndani ya nusu saa, na vifaa vyangu vya kutolea tairi nimeviacha mezani. Nilitoa tairi kwa mpini wa kijiko cha chai nilichokuja nacho kwenye chakula. Kijiko kikapinda, tyubu ikapona.

Kipande_cha_Muhogo
Fundi, kwa nini umrudishe njia ile ile? Kutoka West Saltoun aende Haddington, halafu ashike reli nyingine ya zamani, ile ya 1846, hadi Longniddry. Hiyo nayo ni changarawe tupu, kama kilomita saba, inakutua mlangoni kwa stesheni. Mzunguko safi.

Fundi_Spoki
Mkuu, soma swali. Kati ya Saltoun na Haddington ni barabara. Ndogo, ndiyo, magari machache, ndiyo. Lakini ni kilomita nane au tisa za kuta na ua pande zote, na trekta likija linachukua barabara yote. Kasema magari yamemshinda, na ana mtoto.

Kipande_cha_Muhogo
Kasema "au yawe ya kuhesabu". Nimepita Jumapili asubuhi, nimehesabu magari manne na farasi sita.

Mie_wa_Kisauni
Manne yakutosha likiwa la tano ndilo lenye haraka 😅

Pentlandi
Naona hakuna anayeitetea Balerno, na haki yake ndogo ipo. Reli ya zamani kutoka Slateford imefuata mto, handaki la Colinton limechorwa picha ukutani mwanzo hadi mwisho, mtoto ataipenda. Lakini ni njia fupi na yenye tope, na ukishafika mabwawa ya Harlaw na Threipmuir unaanza kupanda kwelikweli. Sheria ya Scotland ya 2003 inakuruhusu kupita karibu popote kwa baiskeli ukiwa mstaarabu, kwa hiyo ruhusa si tatizo, tatizo ni mapafu. Iwekeni kiporo hadi kiangazi.

Binti_Meru
Asanteni sana wote, shikamoo mzee. Maswali mawili. Treni ikijaa baiskeli, wananiacha? Na kama ukungu wa baharini ukija, mashariki kunapitika?

Mzee_wa_Mfereji
Marahaba. Nafasi za baiskeli kwenye behewa ni chache, kwa hiyo nendeni mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, msipande ile ya watu wa mpira. Ukiona nafasi imejaa, subiri inayofuata, Linlithgow hazikauki.

Fundi_Spoki
Ukungu unakaa zaidi pwani. Musselburgh unaweza usione upande wa pili wa mto, ukifika Ormiston unavua koti. Washeni taa tu. Na ikiwa ni Desemba, kumbukeni jua linazama saa tisa na dakika arobaini alasiri. Wengi wanasahau wanakutwa na giza Whitecraig.

Binti_Meru
Mrejesho. Jumamosi iliyopita tumefanya mashariki, kwenda na kurudi, kilomita 41 kwa saa yangu. Mzee usinune, mfereji ni wiki ijayo, na kijana ameshaniapia kwamba Slateford atasukuma.

Magari tuliyokutana nayo ni ya kuvuka barabara tu. Baada ya Ormiston tulikaa kama nusu saa bila kuona mtu, nikasikia ile *shshshsh* ya fundi chini ya tairi, na mwanangu ambaye haongeagi akaanza kuniuliza kama ni kweli treni ilipita hapa, ilikuwa na rangi gani, dereva alikuwa anakula wapi. Sikuwa na majibu, nikabuni.

Muhogo, tulifika West Saltoun, nikaichungulia barabara yako ya Haddington. Lori la viazi likapita. Tukageuza.

Pancha moja, karibu na Pencaitland, mwiba wa urefu wa kucha. Fundi, nilikuwa na kijiko. Kimevunjika. Hivyo vifaa vya kutolea tairi vinauzwa wapi upande wa Leith, na ninunue vya plastiki au vya chuma?