Mjadala: "Shall" iandikwe vipi katika sheria zetu za Kiswahili?

Mleta hoja, Ilala:

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kuna neno moja dogo la Kiingereza ambalo, kwa maoni yangu, linastahili kujadiliwa hadharani, nalo ni "shall". Neno hili huagiza, hutangaza, na pengine huonyesha wakati ujao tu. Mazoea yetu ni kulifasiri kwa "-ta-". Ibara ya 33 ya Katiba inaposema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano" hakuna ubaya, kwa kuwa hilo ni tamko. Lakini tukiandika kwamba hakimu "atamweleza" mshtakiwa haki zake, mkazi wa Temeke anayejitetea bila wakili atajuaje kama hiyo ni amri au ni taarifa ya kitakachotokea? Napendekeza tuandike "ni lazima amweleze". Afrika Kusini, katika Katiba yake ya mwaka 1996, ilichagua "must" kwa maagizo ya namna hiyo.

"May" ina mtego mbaya zaidi. Yenyewe ni hiari, ruhusa au uwezekano, lakini "may not" katika sheria kwa kawaida ni katazo. Anayefasiri kwamba ofisa "anaweza asitoe" kibali amempa uhuru ambao sheria ilimnyima. Ilipasa kuandikwa "haruhusiwi kutoa".

Mchangiaji, Kinondoni:

Ndugu mleta hoja, kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria kinasema tayari kwamba "shall" ni wajibu na "may" ni hiari. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani, katika rufani ya jinai ya mwaka 2006, iliamua kwamba "shall" iliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si amri isiyolegea, kwa sababu kifungu cha 388 cha sheria hiyo, kama kilivyokuwa wakati huo, kilizuia hukumu kutenguliwa kwa kasoro ambayo haikusababisha haki kupotea. "Lazima" yako ingeishia hapo hapo. Isitoshe, ukibadili neno, mawakili watadai kwamba Bunge limebadili sheria, na maamuzi ya miaka mingi yataanza kubishaniwa upya.

Mleta hoja:

Kifungu cha 388 kinanisaidia mimi kuliko wewe, ndugu yangu. Ikiwa msamaha umeandikwa wazi mahali pake, neno la wajibu halina sababu ya kulegezwa tangu mwanzo. Hofu ya mabishano mapya ni ya haki, ila Bunge linaweza kuimaliza kwa kuongeza katika kifungu cha 53 kwamba "lazima" ya toleo la Kiswahili ina nguvu ileile iliyokuwa nayo "shall". Anayeona kikwazo cha kisheria katika nyongeza hiyo atueleze.