Mjadala: Picha za Kihindi Bombay na Kedarnath, kinachouma ni dini au ni binti wa nani kaolewa?

Wakuu habari zenu. Kila zikitajwa picha za Kihindi za mapenzi ya dini mbili lazima atokee mtu aseme Bombay ya Mani Ratnam, ile ya 1995, ilikuwa uchochezi mtupu na ingefungiwa tu yakaisha. Mi napinga, na naomba tujadili kwa hoja bila matusi.

Kwa ambao hawajaicheki, Shekhar ni Mhindu, Shaila Banu ni Mwislamu, wamekutana kijijini huko Tamil Nadu na baba zao hawataki hata kusikia. Jamaa anamfuata mzee wa binti, anajichanja mkono na kumchanja na Shaila palepale mbele ya baba yake, damu zinachanganyika, ujumbe wake ni kwamba damu haina dini. Wanatorokea Bombay, wanapata mapacha, mmoja Kabir Narayan kwa babu mzaa baba, mwingine Kamal Basheer kwa babu mzaa mama. Halafu tarehe 6 Desemba 1992 msikiti wa Babri kule Ayodhya unabomolewa na umati wa Wahindu, jiji la Bombay linawaka moto, na wale watoto wanamwagiwa mafuta wachomwe huku wanaulizwa ni Wahindu au Waislamu. Hizo ghasia si za kutunga jamani, zilitokea kweli Desemba ile na Januari 1993, watu kama 900 waliuawa na wengi wao walikuwa Waislamu.

Sasa picha ilipotoka baadhi ya Waislamu walilalamika kwamba kwanini binti yao ndo achukuliwe, kwanini isiwe binti wa Kihindu kwa kijana wa Kiislamu, na mwaka huohuo nyumba ya Mani Ratnam ikarushiwa mabomu akaumia. Mabomu hayana utetezi. Ila lile swali mi silibezi kabisa, ni swali la haki.

Jibu lake lilikuja 2018. Kedarnath ya Abhishek Kapoor ikageuza mambo, kijana ni Mansoor, Mwislamu anayebeba mahujaji kule milimani, binti ni Mukku, Mhindu wa ukoo wa makuhani wa hekalu. Safari hii waliochachamaa ni Wahindu, wakaiita picha ya kuhamasisha Waislamu kuchukua mabinti zao, mahakama ya Uttarakhand ikakataa kuizuia lakini wilaya kadhaa za jimbo hilohilo zikaifungia. Na angalieni mwisho wake, Shekhar wa Bombay anabaki na mke na watoto, Mansoor anakufa kwenye mafuriko. Hilo linaniuma mpaka leo, maana hata mtunzi aliyethubutu kugeuza kisa hakuthubutu kuwaacha waishi pamoja.

Ndo maana nasema ugomvi si wa dini. Kijana wa kwetu akileta mke wa dini nyingine watu wananuna wiki mbili wanazoea, ila binti wa kwetu akiondoka ni heshima ya ukoo mzima imekanyagwa. Huyo binti mwenyewe anataka nini hakuna anayemuuliza.

Na huko India hata sheria inawaanika. Ndoa ya serikali ya dini mbili ipo tangu 1954, lakini tangazo linabandikwa siku 30 watu wote waone, sasa mtu anayefichana na ndugu zake siku 30 si ndo kujipeleka mwenyewe? (Hata sisi Tanzania ndoa ya bomani ina siku 21 za tangazo, tusijione tuko mbali.)

Mnaotaka Bombay ingefungiwa nijibuni hili: msikiti ulibomolewa na watu wakachinjana zaidi ya miaka miwili kabla picha haijatoka, sasa mlitaka mfungie nini?