Arusha hadi Lushoto na gari binafsi, mama mzee na watoto, siku 6 likizo ya Juni. Nipange vipi?

MamaWawili_Ngulelo

Habari zenu wakuu, naomba ushauri kwa wanaoijua vizuri barabara ya Arusha kwenda Tanga. Shule zikifunga mwezi wa 6 mume wangu ana likizo fupi, tumepata siku 6 kamili, na tumekubaliana mwaka huu hatukai tena nyumbani kuangalia tivii.

Iko hivi. Mama yangu ni Msambaa wa Soni, aliolewa Marangu mwaka 1974, na tangu baba afariki anaishi na mimi hapa Ngulelo. Dada yake, yaani mama mkubwa, bado yuko kulekule Soni mlimani, umri umeenda, anakaribia miaka 80, na hawajaonana tangu 2015. Wanaongea kwenye simu kila Jumapili. Mama akipigiwa anatoka nje anaenda kusimama chini ya mparachichi, anaongea Kisambaa ambacho sisi hatukijui, akirudi ndani anakaa kimya mpaka chakula cha jioni. Mi naona inatosha, nimpeleke.

Sasa mpango wetu ni huu, siku ya kwanza Marangu kwa baba mdogo (hapo hakuna ujanja, ukipita Himo bila kupanda kumsalimia unatafuta kesi ya ukoo), halafu Same tuingie hifadhi ya Mkomazi watoto waone vifaru, halafu Lushoto na Soni, halafu Muheza tupande Amani kwenye ule msitu, halafu Tanga kwa shangazi wa mume na tumalizie Pangani baharini. Watoto wana miaka 9 na 12, bahari hawajawahi kuiona. Gari ni Noah ya zamani ila inatunzwa, mama ana presha na magoti yanamsumbua.

Maswali yangu, siku 6 zinatosha? Noah inapanda Lushoto bila shida? Na pale Soni tulale kwa mama mkubwa au tuchukue gesti tusimchoshe mzee wa watu? Asanteni.

Dereva_wa_Himo

Dada karibu barabarani. Mimi nina miaka 11 naendesha Arusha Tanga, nikuambie ukweli mpango wako ni wa siku 10 sio 6. Lakini tuanze na njia kwanza.

Ondokeni Arusha mapema sana, saa 11 na nusu alfajiri muwe mmeshaipita Tengeru. Sio kwa ajili ya foleni tu. Mwezi wa 6 ni kipupwe na mlima Kilimanjaro unajifunika, ukifika Boma Ng'ombe saa 4 unaona mawingu matupu, ila kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na nusu asubuhi mara nyingi Kibo inakuwa wazi nyeupee, watoto waamshwe hapo. Mkifika Himo mnauona upande mwingine kabisa, Mawenzi inajitokeza na yale meno yake, watu wengi wa Arusha wanaujua mlima wa upande mmoja tu. Kutoka kwako mpaka Marangu hesabu karibu kilomita 120, sio mbali, ila Moshi mpaka Himo vijiji vimefuatana na kila penye kibao cha 50 jamaa wa tochi (trafiki wa kupima mwendo) wapo. Nenda na 50 yako tu, faini moja ni hela ya mchele wa kumpelekea mama mkubwa.

Ukitoka Himo kushuka Mwanga na Same milima ya Upare inakuwa kushoto kwako muda wote, kulia ni nyika mpaka macho yachoke. Hapo Same kuna upepo wa pembeni, Noah ni gari ndefu kwenda juu, shika usukani kwa mikono miwili na usikimbie. Kuanzia Makanya na Hedaru mnaanza kuona mibuyu, simama sehemu moja salama mama anyooshe magoti, na mtu wa presha ukimkalisha masaa manne mfululizo miguu inavimba. Mimi nikibeba wazee nasimama kila saa moja na nusu hata wakisema hawajachoka. Watakwambia hawajachoka siku zote.

Kuhusu kupanda, Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na Soni iko katikati njiani, lami nzuri ila nyembamba na kona moja inazaa nyingine. Noah inapanda vizuri kabisa, shida huwa ni KUSHUKA. Wengi wanashuka wamekanyaga breki kuanzia juu mpaka chini, breki zinachemka zinanuka na zinaacha kushika. Weka gia ndogo, gari ishikwe na injini, breki iwe ya kugusa na kuachia. Kabla ya safari fundi afungue magurudumu aangalie pedi na abadilishe mafuta ya breki kama yamekaa muda. Piga honi kwenye kona zisizoonyesha mbele, na pandeni kabla ya jioni maana jioni Fuso za kabichi na karoti zinashuka kuwahi soko la Dar, na ukungu ukidondoka hapo juu humuoni aliye mbele yako. Watoto kama wanatapika wape ndimu walambe na kaweke kandoo kadogo ndani ya gari, mifuko ya plastiki siku hizi hamna.

Mkomazi na Amani na Pangani zote kwa mpigo hapana. Chagua moja.

Mshambaa_asilia

Nimefurahi mno kuona mtu anarudisha mzazi nyumbani. Mi mzaliwa wa hukohuko, Soni na Bumbuli ndo kwetu, sasa hivi niko Moshi kikazi.

Swali la gesti nalijibu kwa nguvu zote, MLALE KWA MAMA MKUBWA. Hata kama nyumba ni ndogo, hata kama watoto watalala chini kwenye mkeka. Kwetu ukifika ukaenda kulala gesti wakati ndugu yako yupo, jirani wote watauliza mmegombana nini, na yeye ndo atakayebaki na hilo swali nyinyi mkishaondoka. Kama unaogopa kumchosha basi fika na vitu, mchele, sukari, majani ya chai, sabuni, mafuta ya kula, na kitenge chake na cha mtu anayemsaidia pale nyumbani (huyu watu wanamsahau kila siku). Asubuhi wewe ndo uamke uwashe moto. Mwambie kabisa siku ya kufika, sio muda tu wa kupita, maana atakayeambiwa "tutapitapita hapo" hatalala siku tatu.

Na mbebe makoti jamani. Watu wanaona Tanga wanafikiria joto, Lushoto iko kama mita 1,400 juu na mwezi wa 6 na wa 7 usiku ni baridi ya kuuma mifupa, magoti ya mama yatasema. Blanketi la ziada na soksi.

Kuhusu watoto wasichoke, hapo hapo kuna vya kuona. Maporomoko ya Soni yapo karibu na barabara kabisa, unashuka kwenye gari unayasikia kabla hujayaona. Kutoka Lushoto mjini kuna Irente, unasimama kwenye mwamba na chini yako moja kwa moja ni Mazinde na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, na ile barabara mliyopita asubuhi inaonekana kama uzi, malori kama siafu. Shika watoto mikono, hakuna ukuta pale. Msitu wa Magamba una mbega wale weusi wenye manyoya meupe marefu, chukueni kijana wa kuwaongoza hapo mjini. Yule wa miaka 12 mwambie mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, barabara ya kona mliyopanda chanzo chake ni enzi zao na waliochimba na kubeba mawe ni babu zetu.

Na mama apikiwe bada, ule ugali wa muhogo. Usimpikie wali siku hiyo.

KiboBoy

Mi natofautiana kidogo na wakuu. Watoto nao wana haki yao, miaka 9 na 12 ndo umri wa kukumbuka. Mkiwapeleka kwa wazee siku 6 wanaongea Kisambaa na Kichaga tu, watakumbuka kukaa. Mkomazi geti la Zange liko kilomita chache tu kutoka Same mjini, Mtanzania kiingilio ni nafuu sana kulinganisha na mgeni, mnalipia kwa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali), asubuhi moja inatosha na mnaendelea na safari. Vifaru weusi kuwaona kwa ukaribu sio kitu cha kila mahali. Bahari itakuwepo mwakani.

Binti_Kibosho

Dada ngoja nikupe langu moja tu.

Miaka minne iliyopita tulifanya safari kama yako, na tulikuwa na ratiba nzuri imeandikwa kwenye karatasi, Korogwe kwa shangazi yetu tuliweka masaa mawili kwa sababu tulishalipia chumba ufukweni Tanga na tuliambiwa tukichelewa hela hairudi. Tukafika saa 6. Shangazi alikuwa ametoka kuchinja kuku wawili, anawanyonyoa, maji yanachemka, anatuambia kaeni kaeni chakula kinakuja. Saa 8 kuku bado wako jikoni na mume wangu anaangalia saa. Tukaaga. Hakusema kitu, alitusindikiza mpaka barabarani na mikono ina manyoya ya kuku.

Siku tuliyorudi Moshi nikapigiwa simu na kondakta, kuna mzigo wangu stendi. Hotipoti. Shangazi alipika wale kuku, akawapanga na wali, akafunga na kanga yake, akatuma kwa basi, na nauli ya mzigo kalipa yeye. Nilikaa nayo kwenye bodaboda nikaipakata kama mtoto. Nikimpigia kumshukuru ananiuliza tu "lilifika la moto?"

Nimesharudi kwake mara mbili tangu hapo, na sijaweka ratiba. Hiyo Tanga na Pangani itoe. Shangazi wa mume mpigie mapema umwambie mwaka huu ni zamu ya mama, ataelewa, ila umpigie wewe mwenyewe, asisikie kwa watu.

MamaWawili_Ngulelo

Jamani Binti_Kibosho umeniliza kazini. Nimemsomea mume wangu jioni, alikuwa mbishi kuhusu Pangani lakini ulipofika kwenye hotipoti akanyamaza.

Tumebadilisha. Usiku mmoja Marangu, asubuhi ya pili tushuke tulale Same, ya tatu Mkomazi mapema halafu tupande Soni mchana kabla ya Fuso, siku mbili zinazofuata ni za mama mkubwa na Irente, ya sita turudi moja kwa moja. Amani na bahari basi. Shangazi wa Tanga nimempigia leo, kaguna kidogo, halafu kasema mwezi wa 12 anatusubiri na tusimletee sababu. Fundi kaangalia breki kakuta pedi za mbele zimeisha kabisa, Dereva_wa_Himo Mungu akubariki.

MamaWawili_Ngulelo

MREJESHO. Tumerudi juzi salama, nilisema nitaleta.

Mlima tuliuona. Boma Ng'ombe saa 1 kasoro, mtoto wa miaka 9 alikuwa na usingizi akafungua jicho moja akasema "kumbe ni kubwa hivyo", anaishi Arusha na Meru iko dirishani kwake kila siku lakini hii ilimgusa. Marangu baba mdogo alitupa mtori na mkungu wa ndizi wa kupeleka Soni, sio wa kula sisi, wa kupeleka kwa wakwe, akaufunga mwenyewe juu ya gari kwa kamba za migomba. Mkomazi vifaru tuliwaona wawili, KiboBoy asante, wamechora picha zao kwenye daftari.

Kona za Mombo zilinitisha kuliko nilivyofikiria lakini mume alienda taratibu. Mama alikaa mbele. Tulivyoanza kuona migomba na bonde akaanza kutaja majina ya sehemu, moja moja, kwa sauti ndogo, hapa kwa fulani, hapa tulikuwa tunachota maji. Mama mkubwa alikuwa amekaa nje kwenye kigoda tangu saa 2 asubuhi, tulifika saa 9 kasoro. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono yote miwili wakasalimiana kile Kisambaa chao kirefu, wakaulizana watoto, mifugo, mahindi, mvua, kila kitu ambacho wanaulizana kila Jumapili kwenye simu, lakini mikono hawakuachiana, na mama hakulalamika magoti, alisimama hapo muda wote.

Usiku walilala kitanda kimoja. Ukuta ni mwembamba, tuliwasikia mpaka majogoo wanawika. Bada ilipikwa, watoto walikula, Irente wameenda na hawaachi kuisimulia.

Asubuhi ya kurudi nikapanga mizigo, nikaona begi la mama halipo kwenye gari. Nikamfuata jikoni, anamenya viazi, hakuniangalia, akasema "mimi nitakuja na basi". Dawa zake za presha alikuwa ameshazipanga dirishani kwa mama mkubwa. Nilitaka kubisha, mume akanishika bega.

Kwa hiyo Noah imerudi na kiti cha mbele kimejaa viazi na karoti. Dawa zinamtosha wiki tatu, nitaongeza kwa kutuma. Dereva_wa_Himo naomba unisaidie tena, kati ya kupanda basi la moja kwa moja kutoka Lushoto na kushuka Mombo kusubiri mabasi makubwa ya Dar Arusha, kwa mzee wa miaka 71 mwenye magoti ni lipi afadhali? Na kondakta unamkabidhi vipi mzee ili asimame mahali pa kujisaidia akiomba?

Dereva_wa_Himo

La moja kwa moja kutoka juu, Mombo asisubiri kabisa, jua na vumbi na basi likija lina haraka. Akae kiti cha mbele nyuma ya dereva, anayemsindikiza aongee na DEREVA sio kondakta, na achukue namba yake. Siku mkishakata tiketi niandikie, nikiwa barabarani siku hiyo nitamsubiri Same nimuangalie anaendeleaje.