Mchezaji akiumia kwenye skramu, mwamuzi wa kujitolea anaweza kushtakiwa?

Refa wa Mashuleni: Salaam wakuu. Huchezesha raga ya shule za sekondari hapa Kenya, bila malipo isipokuwa nauli. Jumamosi iliyopita mchezaji wa mstari wa mbele aliteguka bega, na kocha akaniletea kijana wa pembeni ambaye hajawahi kuingiza kichwa kwenye skramu, ule msukumano wa timu mbili zilizoinama na kushikamana kuwania mpira. Uwanja ulikuwa tope tupu. Niliamuru skramu zisisukumwe, kocha akaniita mwoga mbele ya wazazi. Upande wa pili alikuwepo mchezaji kiziwi, ambaye mwalimu wake aliomba apungiwe bendera kila filimbi inapolia. Nilikubali, ingawa waandalizi walinung'unika. Je, sheria ilinitaka nifanye nini?

Wakili Mstaafu: Ndugu refa, kocha huyo alipaswa kukushukuru. Katika kesi ya Vowles, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 2003, mambo yalikuwa karibu haya haya: mechi ya ridhaa nchini Wales, Januari 1998, mchezaji wa mstari wa mbele ameumia, na anayeingia hana uzoefu wa nafasi hiyo. Mwamuzi alimwachia nahodha achague, na nahodha, akijua kwamba skramu zisiposukumwa timu haitapata pointi hata ikishinda, akachagua zisukumwe. Mwishoni mwa mchezo skramu iliporomoka na Vowles, aliyekuwa huka, yaani mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele, akaumia shingo, akabaki kwenye kiti cha magurudumu. Mahakama ilisema uamuzi ule ulikuwa wa mwamuzi mwenyewe, tena mchezo ulikuwa umesimama, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kufikiri. Kuchezesha kwa ridhaa hakukumwokoa. Majaji wetu hawafungwi na hukumu hiyo, ila hoja zake huwa na uzito mbele yao.

Mama Huka: Wakili, kwa mwendo huo nani atakubali kushika filimbi? Mwanangu anacheza kwa hiari yake, na hatari anaijua.

Wakili Mstaafu: Mama, hoja ya hiari ilitolewa kwenye kesi ya Smoldon, iliyohusu kijana wa miaka 17, nayo ikakataliwa mwaka 1996. Mchezaji hukubali misukosuko ya kawaida ya mchezo. Hakubali mwamuzi apuuze kanuni zilizowekwa kumlinda. Majaji walieleza pia kwamba kosa dogo katikati ya purukushani halitoshi kumtia mwamuzi hatiani.

Kuhusu bendera, hapo wanaoulizwa zaidi ni waandalizi. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliamua kwamba Casey Martin, mcheza gofu mwenye ugonjwa wa mguu, aruhusiwe kutumia kigari mashindanoni, kwa kuwa kutembea si kiini cha gofu. Kipimo chenyewe ni kama badiliko linaugeuza mchezo kuwa kitu kingine, na sioni bendera inageuza nini.

Refa wa Mashuleni: Nashukuru sana, mzee. Ripoti yangu nitaandika dakika bega lilipoteguka na maneno niliyomwambia kocha, kisha nitauliza chama kama bima yao inatugusa sisi wa kujitolea.