Mjadala: Kozi ya kazi ya mtambo wa gesi baharini, nani ailipie?

Mleta mada, Mtwara
Wakuu, salaam. Kwenye kabati la nyumbani kuna cheti cha mdogo wangu cha BOSIET, ile kozi ya usalama ya wanaokwenda kufanya kazi baharini. Mzee aliuza mikorosho ili ada ipatikane. Kijana akafungwa mkanda ndani ya kibanda mfano wa helikopta inayopeleka watu mtamboni, kikazamishwa bwawani na kupinduliwa, akatokea dirishani pumzi zikiwa zimembana. Mpaka leo akisimulia anashika pua. Cheti hicho hudumu miaka 4. Kimekufa bila yeye kukanyaga sitaha.

Sasa nasikia hoja kwamba serikali iwakopeshe vijana wa Lindi na Mtwara hela za kozi hizi, ili mradi wa LNG, yaani gesi asilia inayogeuzwa kimiminika, wa Likong'o kule Lindi ukianza wawe tayari. Napinga. Cheti cha kupandia mtambo alipie mwajiri, tena akishakuajiri.

Mtambo wa kuchimba ni mgeni, haukai. Kisima cha bahari kuu huchukua wiki kadhaa, kikizidi sana miezi, kisha meli ya kuchimbia inaondoka na watu wake. Gesi ya baharini ya visima vya Pweza na Chewa iligunduliwa 2010, ya Zafarani 2012, mji ukajaa wageni na kodi za nyumba zikapaa. Leo wapangaji hao wako wapi? Hata nchi kavu ni hivyo hivyo: kisima cha gesi cha Ntorya hapa Mtwara, cha kwanza 2012, cha pili 2017. Kijana ale nini miaka yote hiyo?

Mchangiaji 1
Mkuu, nimewahi kuwa rastabauti, yaani kibarua wa sitaha. Siku 28 kazini, 28 nyumbani, zamu ya saa 12. Unasugua kutu, unapaka rangi, unafunga mizigo ya kreni, unabeba magunia ya kuchanganyia tope la kuchimbia. Hakuna anayekuuliza digrii. Lakini wakala akipokea maombi, asiye na cheti haangaliwi kabisa, kwa sababu mtu anahitajika Jumatatu na leo ni Alhamisi. Unataka mwajiri alipe, wakati Wafilipino na Wahindi wanakuja na makaratasi yao mkononi. Msimamo wako ni mzuri, ila utatuacha nchi kavu.

Mchangiaji 2, Hoima
Ndugu zangu, msipime kila mahali kwa kipimo cha Mtwara. Huku kwetu mradi wa mafuta wa Tilenga, wa nchi kavu, peke yake una visima zaidi ya 400, mtambo hauondoki kesho. Kozi za kazi ya mtambo kwetu zina maana. Pia kanuni za Uganda za 2016 zilitenga usafiri, ulinzi, chakula na huduma nyingine kadhaa kwa kampuni za Waganda. Kijana anaweza kuingia kwa mlango wa jikoni.

Mchangiaji 3
Afadhali umetaja jikoni, kaka. Mjadala mzima ni "kijana, kijana", kumbe mnamaanisha wa kiume. Kwenye sitaha kuna watu zaidi ya mia wanaokula mchana na usiku na kulala kwa zamu. Mpishi na mfua nguo nao hupanda helikopta ile ile. Hao wakikopeshwa je?

Mleta mada
Dada, nimekosea, nakubali. Na wa Hoima ana hoja: penye visima 400 hesabu inabadilika.

Ila wewe rastabauti umenipa silaha mwenyewe. Kama wakala anamtaka mtu Jumatatu, basi sheria imlazimishe kuwa na orodha ya wenyeji aliowafundisha kwa gharama yake kabla meli haijafika. Mwekezaji anajua ratiba ya kisima mapema kuliko mzee wangu mwenye mikorosho. Tukiweka mkopo, wa kwanza kunufaika ni madalali. Mmoja alikwishampigia mdogo wangu akitaka "ada ya usajili", akaipokea, simu ikazimwa.

Hela ya umma iende kwenye uchomeleaji wa mabomba, umeme, kuendesha kreni. Fundi huyo anahitajika bandarini, kiwanda cha saruji, popote. Mdogo wangu sasa yuko Tanga, Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Walimpa vipande viwili vya bomba aviunge, wakakagua mshono, akaanza kazi. Cheti cha helikopta hakuna aliyekiulizia.

Mchangiaji 1
Bado wanachukua watu huko?