Mdogo wangu ana 9-0, kocha anasema tulinde sifuri kama Mayweather. Naombeni ushauri

Habari za jioni wakuu.

Mdogo wangu anacheza ngumi za kulipwa, kilo 63. Kapanda ulingoni mara tisa na hajapigwa. Ila wengi wa hao tisa walikuwa watu wa kuletwa tu ili wapigwe, na wengine ndiyo kwanza walikuwa wanaanza. Sasa kuna promota ametuletea pambano la raundi 8 na bondia mzoefu. Jamaa ameshapoteza mara nne, lakini waliompiga ni watu wa maana, na wawili kati yao alikwenda nao mpaka kengele ya mwisho.

Kocha hataki hata kulisikia. Anasema Floyd Mayweather, yule bondia wa Marekani, amekuwa Mayweather kwa ile 50-0 (ameshinda 50, amepoteza sifuri), sifuri ikishatoka bei ya bondia inaanguka. Dogo kaing'ang'ania kauli hiyo, na nyumbani siku hizi hatuna mazungumzo mengine.

Nataka kusikia kutoka kwenu mnaofuatilia ngumi: ile rekodi inastahili heshima inayopewa? Na kama inastahili, ni kwa ajili ya sifuri yenyewe au kwa ajili ya kitu kingine? Nikilijua hilo nitajua namna ya kuongea na dogo. Karibuni.

Pazia la Chuma:
Mkuu, mimi naihesabu 49-0. Ya hamsini ni Conor McGregor, Agosti 2017, mtu ambaye hakuwa amecheza hata pambano moja la ngumi za kulipwa. Akamalizwa raundi ya 10. Hilo ndilo lililoipita 49-0 ya Rocky Marciano, bingwa wa zamani wa uzito wa juu. Kwangu mimi Marciano bado yuko juu.

Kona Nyekundu:
Mleta mada, pole na hongera kwa kumsimamia mdogo wako. Kocha anamtazama Mayweather wa mwishoni. Mtazame wa mwanzoni.

Ameingia ngumi za kulipwa Oktoba 1996, baada ya kutoka Olimpiki ya Atlanta na shaba. Oktoba 1998, miaka miwili tu baadaye, akiwa na umri wa miaka 21, akapanda na Genaro Hernandez kugombea mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia). Hernandez alikuwa bingwa ambaye maisha yake yote alikuwa amepigwa na mtu mmoja tu, Oscar De La Hoya. Kona ya Hernandez, yaani wasaidizi wake, ikamtoa baada ya raundi ya 8. Hilo lilikuwa pambano la 18 la Mayweather. Mtu anayelinda sifuri haendi huko mapema vile.

Januari 2001 akakutana na Diego Corrales, naye hajapigwa, mrefu kuliko yeye, ana mkono mzito. Akamwangusha mara tano mpaka kona ikasema basi raundi ya 10. Kama kijana wako hajalitazama hilo pambano, mwekee usiku huu. Atazame miguu, aachane na ngumi kwanza. Kila Corrales anapotaka kurusha, mwenzake ameshahamia pembeni.

Halafu Aprili 2002, Jose Luis Castillo. Majaji wote watatu walimpa Mayweather, lakini mpaka leo wapo wengi, mimi mmojawapo, wanaoamini Castillo alishinda usiku ule. Alimbana kwenye kamba, akamfanyia kazi mwilini, akamnyima nafasi ya kupumua. Sasa angalia alichofanya baada ya hapo: Desemba mwaka huohuo akarudiana naye, na safari hii akashinda. Angeweza kumkimbia miaka mitano, na hakufanya hivyo.

Heshima ya Mayweather ninaitoa hapo. Hesabu za kuchagua nani, lini na kwa kilo ngapi zilikuja baadaye, akishakuwa yeye ndiye anayejaza ukumbi. Mdogo wako hajafika kwenye kuchagua. Akianza na hesabu hizo sasa, ataipata sifuri bila kuupata ufundi uliomlinda Mayweather hata siku alipobanwa.

Mzaramo Halisi:
Kona Nyekundu umeeleza vizuri, ila usimpambe sana. Manny Pacquiao, yule bondia wa Ufilipino! Mazungumzo ya kupambana naye yalianza mwishoni mwa 2009, yakavunjika kwenye suala la vipimo vya damu, na watu wakaja kupanda ulingoni Mei 2015. Mayweather ana miaka 38, Pacquiao 36, tena Pacquiao akiwa ameshalazwa na bondia wa Mexico, Marquez, raundi ya 6, Desemba 2012. Pambano tulilolitaka hatukulipata kamwe. Na Canelo Alvarez wa Mexico, mwaka 2013 alikuwa na miaka 23, akashushwa mpaka ratili 152 wakati uzito wake una kikomo cha 154. Hizo ni hesabu za mezani kabla ya ulingo. Namheshimu Mayweather kama fundi, ila sifuri yake sitaisujudia.

Kona Nyekundu:
Mzaramo, la Pacquiao nakubaliana nawe moja kwa moja. Lile ni doa na halifutiki, hata kama lawama ni za pande zote mbili. Lakini usilisahau pambano lake na Shane Mosley, Mei 2010. Raundi ya pili Mosley alimpata na mkono wa kulia, magoti yakalegea, watu wote wameiona ile video. Mayweather akaudaka mkono wa Mosley akaung'ang'ania kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi. Alipotulia, hakurudi nyuma. Alisonga mbele, akamfuata Mosley raundi zilizobaki, na majaji wote wakampa kwa tofauti kubwa. Huko ndiko unakomjua bondia, na hakuonekani kwenye tarakimu.

Binti wa Makorora:
Mimi ni wa Tanga, kwa hiyo nitasema letu. Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham Septemba 2018 kupigana na Sam Eggington, alikuwa ameshawahi kupoteza. Alimmaliza Eggington raundi ya pili, ugenini, mbele ya watu wake. Nchi nzima ikalijua jina lake kuanzia usiku ule. Sijasikia mtu akiuliza sifuri yake ilikwenda wapi.

Lubumbashi 74:
Na George Foreman alikuja Kinshasa Oktoba 1974 akiwa 40-0. Ali akamwangusha raundi ya 8. Sifuri ikabaki kwetu Kongo. Miaka 20 baadaye, ana miaka 45, Foreman akawa bingwa wa dunia tena.

Pazia la Chuma:
Kuhusu Marciano niongeze. Watu husema aliwapiga wazee, na kweli Joe Louis alikuwa na miaka 37 alipopigwa naye 1951. Lakini kwa Jersey Joe Walcott, aliyekuwa bingwa, Septemba 1952, Marciano aliangushwa raundi ya kwanza na mpaka raundi ya 12 alikuwa nyuma kwa majaji wote. Mkono mmoja wa kulia raundi ya 13, kwisha. Alikuwa anaipoteza sifuri mbele ya macho ya watu, na akaendelea kupigana.

Mama Glovu:
Wanangu, nimekaa kwenye kona miaka mingi, naomba nirudi kwa huyu kijana, maana Mayweather ameshakula pesa zake.

Mleta mada, kocha muheshimu. Kukataa pambano ni kazi yake, na yeye ndiye atakayerusha taulo kusimamisha pambano kijana akizidiwa. Ila mtoe kwenye hoja ya sifuri, muulize maswali ya kazi. Huyo mpinzani huwa anapigana kilo ngapi? Mmepewa muda gani wa maandalizi? Kijana ameshawahi kufika raundi ya 8, au wote tisa aliwamaliza mapema? Kama hajawahi kuvuka raundi ya 4, raundi 8 na mzoefu ni hatari, awe na sifuri au asiwe nayo. Na daktari awepo ulingoni, mlione jina lake kwenye mkataba kabla hamjasaini. Majibu yakiwa mazuri, apigane. Yakiwa mabaya, kocha amekataa jambo sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na hapo mtafuteni mpinzani wa katikati, asiwe wa kuletwa tena.

Mleta mada:
Asanteni sana wakuu, na Mama Glovu shikamoo. Nimemwekea dogo pambano la Corrales, amelirudia mara mbili bila kusema neno. Raundi ndefu zaidi aliyowahi kufika ni ya 6, na alimaliza akiwa na pumzi. Mpinzani kawaida yake ni kilo 66, hilo sikuwa nimelitilia maanani. Kesho nakwenda kwa kocha na maswali hayo, na tutamwomba promota kilo 64 na raundi 6. Kuna mwenye video za mapambano ya kilo 63 hadi 66 ya mabondia wetu wa miaka hii miwili? Nataka tukae na kocha tumwangalie huyu jamaa kabla ya kujibu.